Karatasi Tatu Dirishani

Nilizibandika kwenye kioo cha ofisi, mjini Loja,
karatasi tatu zipitishazo mwanga,
milima ileile ya kusini mwa Ekwado
imechorwa mara tatu, kwa mikono isiyosalimiana.

Nyekundu: penye spishi nyingi.
Buluu: wasiopatikana popote pengine.
Njano: walio mlangoni mwa kutoweka.
Rangi zote zitakapolaliana, alisema Dakta Ludeña,
patakuwa peusi, na hapo ndipo tutapeleka fedha.
Akatazama saa. Mfadhili hupiga simu saa tisa.

Nikasawazisha kona kwa kona.
Mito ikakaa juu ya mito.
Nikangoja weusi.

Nyekundu ilishuka zake mabondeni, kwenye joto
(penye wengi hapaharibiki neno, ndiyo imani yake),
kule ndege wavumaji wanakogombea ua moja.
Buluu ilipanda, ikang'ang'ania migongo ya milima,
huko ukunguni, viumbe ni haba,
na hao haba ni adimu kama wali wa daku.
Njano ikafuata barabara,
ikafuata ng'ombe, mahindi, msumeno,
kama mbwa nyuma ya gari la nyama.

Miraba mia mbili na kumi na minne.
Iliyoiva ikawa myeusi: mitano.
Nikahesabu tena, kama mtu aliyepoteza funguo
anayepekua mfuko uleule.
Mitano.

"Miraba yako midogo mno," akasema Ludeña.
Nikachora mikubwa. Weusi ukatapakaa kama wino uliomwagika,
ofisi nzima ikachangamka,
ila mraba mmoja sasa ulikuwa umebeba kituo cha mabasi,
kiwanda cha saruji,
na nyumba ya dada yangu Maruja, pamoja na kuku wake.

Alhamisi nikadandia gari la maziwa hadi mraba wa themanini na saba.
Kwenye nyekundu, mweupe. Kwenye njano, mweupe.
Kwenye buluu, doa moja, dogo kama punje ya dengu:
chura asiye na jina bado, ana namba tu,
anaishi kwenye mtaro wa Abel Chalán.

Abel alikuwa akisuuza madebe.
Maji ya sabuni aliyabeba hatua thelathini,
akayamwaga upande wa pili wa ua.
Kwa nini usimwage hapa?
"Vyura hao. Wakinyamaza, mama mkwe wangu halali,
na asipolala yeye, hatulali sote."
Kisha akauliza mraba wake una rangi gani.
Nikasema: karibu mweupe.
Akacheka, akajifuta mikono kwenye poncho.
"Basi hatumo hatarini."

Sikujua nianzie wapi.
Ili uandikwe kwamba unakufa
lazima kwanza mtu awe amekuja kukuona,
amelala kwenye baridi yako, amekuhesabu,
amerudi baada ya miaka miwili, akakukosa.
Kwenye mtaro huu hajafika mtu.
Weupe wa karatasi ya njano
ni wa daftari ambalo halijafunguliwa.

Nilipiga magoti hadi giza likaingia.
Nilimsikia mara nne. Sikumwona.

Jumatatu, saa tisa, simu ikalia.
Nilikuwa nimetuma karatasi zote tatu, kila moja peke yake,
na ukurasa wa nne wenye orodha ya miraba
ambayo hatujawahi kuitia mguu.
"Nimezipata," ikasema sauti ya mbali. "Sasa, ramani ni ipi?"

Ludeña akanitazama, mkono juu ya kipokea sauti.
Jua lilikuwa limeinama, likipenya dirishani,
likimwaga sakafuni nyekundu, buluu, njano,
kila moja mahali pake,
na pembeni, chini ya kiti, palipolaliana,
weusi kiasi cha kiganja.
Mguu wangu mmoja ulikuwa kwenye buluu.
Mwingine ulikuwa penye mwanga mtupu,
nami sikuusogeza.